Mbawa Kumi na Mbili za Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na mmoja, kila aliyepita mbele ya nyumba ile ya kona aliziona mbawa za madirisha. Mbawa ndilo jina walilozipa watu wa mtaa. Dukani huitwa shata. Ni vibao vya plastiki vinavyofungwa ukutani kwa nje, kimoja kila upande wa dirisha, vyenye vibanzi vya mshazari kama mbavu, na hufanya dirisha la kawaida lionekane kama ndege aliyekunjua mabawa. Nyumba ile ilikuwa na madirisha sita, mbawa kumi na mbili, na zote kumi na mbili zilikuwa zimebabuka. Rangi ya kahawia ilikuwa imejikunja na kuning'inia vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na chini yake plastiki ya krimu ikichungulia. Mbili zilizokabili jua la alasiri zilikuwa zimepinda kabisa.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, karani mstaafu wa posta, mwanamke aliyeweza kukadiria uzito wa kifurushi kwa macho kabla mizani haijasema. Mgeni akiuliza kulikoni madirishani, alijibu bila kupepesa macho:

"Hiyo ni kazi ya mkwe wangu. Ni fundi rangi."

Kisha humkaribisha ndani kama vile hajasema kitu.

Mkwe mwenyewe aliitwa Polepole. Jina hilo alipewa na fundi aliyemfundisha kazi, kwa sababu wenzake walipokuwa wamemaliza ukuta mzima yeye alikuwa bado na kisu cha puti, anaziba ufa ambao hakuna mwingine aliyeuona. Lilikuwa jina la kumcheka, lakini baada ya muda likawa sifa. Alikuwa amepaka madarasa, zahanati, ngazi za ghorofa nane, na kuta za ukumbi mmoja wa arusi ambazo wapiga picha walizipenda kuliko maharusi. Mwenye mali akitaka kazi ya kulipua alimwita mwingine. Akitaka kazi ya kudumu, alimwita Polepole na kujiandaa kusubiri.

Ndiyo maana jambo la mbawa lilimuuma. Katika maisha yake yote ya ufundi alikuwa amefanya haraka siku moja tu, na siku hiyo alikuwa nyumbani kwa mama mkwe.

Ilikuwa hivi. Baba mkwe wake alikuwa amezifunga mbawa zile kwa mikono yake mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki. Muda ulipopita, mjane akasema krimu imechujuka, inaifanya nyumba ionekane mgonjwa. Anataka kahawia iliyoiva. Polepole hakuwahi kupaka plastiki. Alitaka kusema hivyo. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, na Polepole tangu siku ya posa alikuwa na neno moja tu la kumwambia mama yule.

"Sawa, mama."

Akachukua rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kazi nyingine, akapanda ngazi, akazipaka zikiwa palepale ukutani. Hakuzifungua, hakuziosha, hakuzigusa kwa msasa. Alitaka amalize kabla ya chakula cha mchana ili asikae sana machoni pa mama mkwe. Jioni zilimetameta kama viatu vipya. Mwezi wa nne tangu hapo zikatoa malengelenge. Mwezi wa saba rangi ikaanza kudondoka mauani.

Alirudi mbio, kofia mkononi, kuomba azirudie. Mama mkwe alimtazama, akazitazama mbawa.

"Ziache," alisema.

Basi zikaachwa. Polepole alipokwenda kusalimia alichagua kiti kilichoyapa madirisha mgongo. Mapacha wake wa kike walipohitimu shule, picha za familia zilipigwa mbele ya nyumba ile ile, na kila picha ilikuwa na wahitimu wawili wenye furaha, bibi yao katikati, na nyuma yao kahawia inayobanduka. Mkewe, aliyekuwa mshonaji, alicheka mpaka sindano ikamchoma.

"Baba Pacha," alimwambia, "angalau umeingia kwenye picha zote."

Polepole alijikaza akacheka naye. Lakini hakukaa bure. Karibu na kazi yake moja palikuwa na gereji, na mle ndani mtu mmoja mnene aliyeitwa Bampa alipaka mabampa ya magari, ambayo ni plastiki tupu. Kila adhuhuri Polepole alikwenda kula chakula chake pale ili amtazame. Aliona jinsi Bampa anavyoosha, anavyosugua, anavyopangusa, na ile rangi ya kwanza ya plastiki, praima, anayoitandika nyembamba kama pumzi kwenye kioo.

"Plastiki inateleza," Bampa alimweleza huku akitafuna. "Rangi haina pa kushika. Mpe pa kushika, hatabanduka. Na usimvalishe shati zito siku ya kwanza."

Polepole alianza kukusanya vifuniko vya ndoo. Alivipaka nyumbani, akavianika juu ya paa la choo, mvua ikavipiga, jua likavichoma, naye akawa anavikwangua kwa ukucha kila Jumapili. Mkewe alinyamaza kwa mwaka mzima, halafu akauliza kama vifuniko vile vilikuwa na ndoo zake mahali fulani. Vifuniko vilifika arobaini. Lakini kwenda kwa mama mkwe na kumwambia *sasa najua*, hapo ndipo miguu ilipokataa.

Simu ilikuja asubuhi moja. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mfanyabiashara asiyependa kitu kikuukuu.

"Shemeji, nimeshindwa na mama. Nimemwambia nitamletea shata mpya za kisasa, zile za zamani tutupe. Unajua amenijibu nini? Amesema, 'Kwanza mwite Baba Pacha.'"

"Niitwe nikafanye nini?"

"Hakusema. Ila ameniambia ukija uje na ngazi."

Polepole alibaki na simu sikioni, ingawa shemeji alikuwa amekwisha kukata.

Walikwenda wote wawili, yeye na mkewe, wakajipanga kukaa juma zima. Mama mkwe aliwapokea kizingitini akiwa amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umezeeka, mwanangu. Pita. Hapana, usipite. Anza kwanza, chai utaikuta."

Kwa hiyo alianza. Safari hii hakukimbilia kopo la rangi. Aliegemeza ngazi, akatoa bisibisi na penseli, akafungua ubawa wa kwanza. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, ikabidi azibembeleze. Alipoushusha na kuugeuza ili aandike namba kwa nyuma, asije akazichanganya, alikuta namba ipo tayari. Moja, kwa penseli, mwandiko wa kulala upande. Baba mkwe wake alikuwa na mwandiko ule.

Wa pili: namba mbili. Wa tatu, wa nne, vivyo hivyo. Mzee naye alikuwa ameziandika kabla ya kuzifunga, na kule nyuma ambako jua halifiki na brashi ya Polepole haikufika, maandishi yalikuwa kama ya jana. Alipoufikia ubawa wa saba, akakuta chini ya namba kuna mstari mzima. Akausoma mara mbili, halafu akashuka na ubawa mkononi, akaupeleka hadi barazani.

"Mama, tazama hii."

Mama mkwe alibadilisha miwani. Iliandikwa: *Saba. Imeangushwa na karani wa posta, naye amekana.*

Mama mkwe aliangua kicheko. Alicheka akashika nguzo, machozi yakamtoka, bintiye akatoka jikoni mbio akidhani kuna msiba.

"Sikuiangusha!" alisema alipopata pumzi. "Iliteleza! Nilimwambia iliteleza. Nilikuwa nimeshika ngazi kwa mkono huu, na skrubu kwa huu, na yeye ananiambia nipokee ubawa. Kwa mkono upi?"

Aliuchukua ule ubawa akaupakata. Akatafuta kona, akawaonyesha ufa mdogo kama unywele. Halafu akamgeukia mkwe wake.

"Ulidhani nimeziacha vile ili nikuaibishe."

Polepole aliona hakuna haja ya kuzunguka. "Ndiyo, mama."

"Kidogo," alikiri. "Mwaka wa kwanza. Ulinikera, ulikuja mbio mbio ukaondoka mbio mbio, hata uji niliokupikia hukunywa. Lakini baadaye nikaona nikimwita fundi mwingine atasema hizi hazifai, atupe alete mpya. Mwanangu mwenyewe si ndivyo alivyosema? Nikasema bora zikae zimebabuka hivyo hivyo. Wewe nilijua huwezi kuzitupa. Ungeogopa. Nikawa nangoja uombe tena."

Bintiye alicheka. Polepole naye akacheka, na akahisi kitu kimelegea mabegani, kitu alichokuwa amekibeba kwa muda mrefu hata akadhani ndiyo maumbile yake.

Siku ya kwanza na ya pili zilikwisha kwa kubandua na kuosha. Alizilaza mbawa juu ya meza mbili uani, akabandua kahawia kwa kikwaruzo cha plastiki, maana cha chuma kingeacha makovu. Akaziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akafuta ukungu kwa siki, akasugua ule unga mweupe ambao plastiki iliyokaa juani huutoa kama chokaa. Ubavu kwa ubavu, kibanzi kwa kibanzi. Mama mkwe alileta kiti akaketi karibu. Alihesabu vibanzi: ishirini na vinne kila ubawa. Alimwambia mkwe wake kuwa kwenye ubawa wa tano amekiruka cha kumi na nane. Polepole akaangalia. Kweli alikuwa amekiruka.

Zile mbili zilizopinda alizilaza kwenye sakafu ya saruji yenye joto, bapa, akaweka ubao juu yake na matofali juu ya ubao.

Siku ya tatu asubuhi, baada ya msasa, mama mkwe alitoka na kipande cha kadi ya rangi kutoka dukani.

"Kahawia," alisema. "Ileile, iliyoiva."

Polepole alikuwa amechuchumaa akipangusa vumbi la msasa kwa kitambaa chenye unyevu. Neno lake la siku zote lilikuwa limekwisha fika mdomoni, limevaa viatu, tayari kutoka. Akapiga moyo konde.

"Hapana, mama."

Jikoni, sauti ya vyombo ilikoma.

"Nimesikia vizuri?"

"Umesikia, mama. Kahawia iliyoiva inakunywa jua. Plastiki ikipata moto inalegea, na ikipoa inabaki hivyo ilivyolegea. Kubanduka kwa rangi kulikuwa kosa langu, sikuiandaa. Lakini zile mbili kupinda, hapo hata ningeziandaa vipi, zingepinda. Ni rangi yenyewe."

"Nani kasema?"

"Usinisadiki mimi. Nipe saa moja."

Alikwenda kwenye mfuko wake akatoa vifuniko viwili kati ya vile arobaini. Kimoja alikuwa amekipaka kahawia, kingine kijani cha kupauka, kijani cha njegere. Akaviweka kwenye ngazi ya mlango wa mbele, pale jua lilipopiga sawasawa, akaomba chai. Walikunywa chai. Mama mkwe alitazama saa ya ukutani kama mtu anayengoja kufunga dirisha la posta. Dakika sitini zilipotimia, alinyanyuka, akainama, akaweka kiganja kwenye kijani. Akakihamishia kwenye kahawia, na papo hapo akakivuta kama aliyegusa sufuria jikoni.

Lakini mtu aliyefanya kazi na mizani miaka thelathini haridhiki na kipimo kimoja. Alivibadilisha mahali, cha kulia akakiweka kushoto, akasubiri tena, akagusa tena. Kisha akarudi kwenye kiti chake.

"Mwaka ule, nani alichagua kahawia?"

"Mama, mimi ndiye fundi. Nilipaswa kujua."

"Sikuuliza ulipaswa nini. Nimeuliza nani alichagua."

"Ni wewe, mama."

"Basi nusu yako, nusu yangu," alisema, akaichana ile kadi ya rangi vipande viwili. "Miaka yote hii nimewaambia watu nusu moja tu. Na hicho kijani, kinaitwaje?"

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kama maji. Polepole alizihamishia mbawa chini ya kibanda cha kuanikia nguo, kwenye kivuli, kwa kuwa rangi ikikauka juani haraka huacha alama za brashi. Akatandika praima nyembamba. Akaacha. Akatandika rangi ya maji, vibanzi kwanza kisha fremu, akipita na ncha ya brashi kwenye kila pembe ili tone lisikusanyike. Akaacha tena. Nyuma hakugusa, isipokuwa pembe moja isiyo na maandishi, na ubawa wa saba aliulaza juu ya taulo ili penseli isisuguliwe.

Kwenye mkono wa pili wa rangi, mama mkwe alisema anataka kujaribu. Polepole alimpa brashi ndogo na ubawa wa kumi na mbili, akamwonyesha jinsi ya kuchovya theluthi tu ya nywele na kuzipangusa ukingoni mwa kopo.

"Unaweka nyingi, mama."

"Naweka inayotakiwa."

"Itatiririka."

Ikatiririka. Mama mkwe alilitazama tone likiteremka kibanzi hadi kibanzi, akasema kwa uso mkavu kabisa, "Imeteleza," na bintiye aliyekuwa akikunja nguo akalazimika kuingia ndani.

Siku ya sita Polepole alifanya jambo alilolifanya mara arobaini juu ya paa la choo. Alibandika selotepu nyuma ya pembe moja ya fremu aliyoipaka kwa makusudi hayo, akaikandamiza kwa kidole gumba, akaivuta kwa nguvu. Mama na bintiye walisogea. Selotepu ilitoka nyeupe, haina hata punje ya kijani. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mkwe aliichukua, akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuza upande wa pili, akairudisha.

"Haya," alisema. "Zifunge."

Kati ya zile mbili zilizopinda, mmoja ulikuwa umekubali kunyooka chini ya matofali. Wa pili uligoma. Ulibaki umejikunja kidogo kwenye ncha, kama mtu anayetega sikio. Polepole aliomba radhi, akasema angeweza kuutafutia mbadala dukani. Mama mkwe akasema upelekwe dirisha la jikoni, huko wanaopita ni wachache, na yeye akiwa anapika atakuwa na mtu wa kumsikiliza. Ubawa ule na mmoja wa jikoni zikabadilishana nafasi, ikabidi Polepole azifute namba zake mbili kwenye orodha aliyoinakili mwenyewe na kuziandika upya, lakini zile za nyuma hakuzigusa.

Alipofunga skrubu ya mwisho, mpya, isiyoshika kutu, alishuka ngazi akarudi nyuma hadi barabarani. Mkewe alikuja akasimama kando yake, akiwa bado na nyuzi begani. Nyumba ilikuwa kama mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Kijani hakikupiga kelele. Kilikaa tu, kimetulia, na ukuta mweupe ukaonekana mweupe zaidi. Jirani wa ng'ambo alitoka akasimama getini kwake, akatazama, akaingia ndani, akatoka tena na mumewe.

"Unataka kulia?" mkewe aliuliza kwa upole.

"Mgongo unaniuma," alisema Polepole, na ilikuwa kweli, ingawa haikuwa yote.

Siku ile alikula mezani kwa mama mkwe, akaongeza, akaongezewa, halafu akasinzia kitini mchana kweupe, mdomo wazi, mbele ya watu. Hakuna aliyemwamsha.

Mvua za mwaka ule zilipita, na jua kali la baada yake, na mvua nyingine. Mbawa zilikaa. Yule jirani alitaka zake zipakwe, na dada wa jirani, na shule ya chekechea yenye madirisha tisa na viti vya plastiki visivyohesabika. Wote walikuwa wamezoea kuuliza habari kwenye nyumba ya kona, kwa hiyo walikwenda kuuliza hapo. Mama mkwe alinunua daftari la mistari mipana, akaandika majina, idadi ya mbawa, madirisha yanayoelekea alasiri na rangi zinazotakiwa. Mtu akitaka rangi iliyokoza alimtuma kwenye ngazi ya mbele akaguse vifuniko viwili.

Polepole hakumwomba kazi hiyo, wala hakujua jinsi ya kumzuia. Alipokwenda kusalimia Jumapili, alikuta orodha ya juma zima imeandaliwa, kwa mwandiko ulionyooka kama mistari ya reli, na uji umefunikwa unamsubiri.

Siku moja alikuwa amekaa pale akinywa uji huo, simu ikalia, mama mkwe akaipokea. Mteja alikuwa na haraka. Sauti yake ilisikika hadi mezani. Alitaka kujua kama fundi anaweza kumaliza Ijumaa.

Mama mkwe alifungua daftari, akalamba kidole, akapekua ukurasa, kisha mwingine, kisha mwingine.

"Ijumaa, eeh," alisema. "Ijumaa ipi, mwanangu?"